Majike Waliovuruga Mstari

Kulikuwa na mtafiti mmoja, mama mchapakazi, kazi yake kuchunguza umeme wa moyo. Ndiyo, wapendwa, moyo una umeme! Ni mdogo tu, lakini ndio unaouamuru upige. Ukienda kombo, mtu anaanguka puu kabla hujamaliza kusema amina.

Mama huyu alikuwa anatafuta dawa ya kutuliza moyo unaokwenda mbio. Akawapa panya wa maabara, akawapima. Panya madume wakampa mstari safi kwenye mashine. Majike je? Leo hivi, kesho vile, maana homoni zao za uzazi hupanda na kushuka, na moyo unazisikia. Mstari ukawa unacheza ngoma.

Mwenzake akamwuliza, "Hawa majike tuwafanyeje?"

"Watoe, wananivuruga. Hata waliotufundisha waliwatoa."

Msimcheke. Alitaka kazi safi, na nani kati yetu hataki kazi safi? Majike wakatolewa. Hata dawa ilipofika kujaribiwa kwa watu, wakachaguliwa wanaume. Ikapita, ikasifiwa, ikapelekwa hospitali.

Sasa sikilizeni. Mdogo wake huyo mtafiti, kitinda mimba wa mama yao, akajifungua mtoto wa kike. Kitoto hakijapewa hata jina, moyo wa mama yake ukaanza kwenda mbio. Akapewa dawa ile. Kufika jioni, moyo ukasimama. Manesi wakamkandamiza kifua, wakahangaika naye, na Mungu ni mwema, akarudi.

Mtafiti akafika anahema, kanga imemdondoka begani. Mdogo wake akamshika mkono.

"Dada, waliponitajia ile dawa nilifurahi. Nikawaambia, hiyo ni kazi ya dada yangu. Mbona imetaka kuniua?"

"Hatukuijaribu kwa watu kama wewe, mdogo wangu."

"Kwa nini?"

"Mlikuwa mnavuruga matokeo."

Yule mgonjwa akamtazama kwa huruma. "Sisi? Kwani wewe dada si mwanamke?"

Jamani! Mama wa watu alipowatoa majike alijitoa na yeye mwenyewe, asijue. Akalia, na mimi namwonea huruma sana. Kisha akarudi maabara kuanza upya, safari hii na majike, kwa sababu ule mstari uliokuwa ukicheza ndio uliokuwa ukimwambia ukweli.

Na sisi hapa kanisani je? Ibada yetu imenyooka, inapendeza. Kijana mwenye maswali mengi tulimwambia anachelewesha darasa la ubatizo, siku hizi hatumwoni. Dada anayelia kwa sauti tumemsogeza karibu na mlango. Halafu tunashangaa mbona mahubiri yetu hayamponyi mtu! Yatamponyaje, nasi tumeyapima kwa wenye furaha peke yao? Wewe uliyenyoosha hii ibada, siku moyo wako ukivurugika, maana utavurugika, utakunywa dawa gani?

Yupo mama humu aliyemzika mwanawe, na tangu siku ile haimbi. Tumesema amepoa kiroho. Hata mimi mchungaji nimesema, Mungu anisamehe.

Mama, njoo ukae hapa mbele. Usiimbe. Kaa tu, sisi tujifunze kuimba wewe ukiwapo.