Gunia la Kisiwa Kisicho na Mtu

"Elfu tisini kwa kichwa, kwenda kutazama mawe?"

Aliyefoka ni mzee mmoja wa kanisa, ndugu zangu, na aliyefokewa ni mwenye boti. Walikuwa ufukweni mwa ziwa kubwa la mbali, na waumini wenzake wamesimama nyuma ya mzee, wanasikiliza. Walitaka kuvuka hadi kisiwa kisichokaliwa na mtu, ambako watawa wa zamani walijenga vijumba vya mawe siku zile Injili ingali ngeni. Walikuwa wamechangishana mwaka mzima, na fedha zote wakamkabidhi mzee huyu, kwa sababu hapunjiki, wala yeye mwenyewe hampunji mtu.

"Humo mna mafuta ya injini," mwenye boti alisema, "na mna gunia."

"Gunia gani?"

"Unga, sukari, maharage, kiberiti. Kila boti ya wageni huacha gunia kwenye kijumba kilicho karibu na maji. Walianza watawa wenyewe, sisi tumeendeleza. Chombo kikimharibikia mtu kule, akute cha kutia mdomoni."

"Na kule anaishi nani?"

"Haishi mtu."

"Sasa hilo gunia wanakula panya?"

Waumini wakacheka. Mwenye boti akajikuna shingo. "Mzee wangu, lililokuwepo limekwisha. Zamu ni yenu."

"Bwana, mimi nalipia ninachokiona. Toa gunia, taja bei."

Ikawa elfu sabini. Kina mama wakapiga vigelegele, mzee akapanda boti kifua mbele. Sasa niambieni, kosa liko wapi? Fedha za watu zimeokolewa, na hakuna aliyedanganywa. Wangapi humu tusingemchagua mtu huyo awe mhazini wetu?

Tena walikuwa wamefunga. Walikubaliana wasibebe hata karanga mfukoni, ili waikanyage ardhi ile kwa unyenyekevu.

Wakafika. Vijumba vile vilipangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo, vimekaa kama vyungu vilivyofunikwa, na milango yake mifupi inamlazimisha kila mtu ainame. Mzee aliweka kiganja kwenye msalaba uliochongwa juu ya mlango mmoja, machozi yakamlengalenga. Akaanza kuomba kwa sauti: "Bwana, utufanye tuwe kama hawa." Hajafika mbali, akasikia mtoto analia. Si kulia kwa nguvu. Kulia kwa mtoto aliyechoka kulia.

Mwanamke akatoka ameinama kwenye kijumba cha karibu na maji, kichanga kifuani. Alikuja kukata matete ya kusukia mikeka, wimbi likaupigiza mtumbwi wake kwenye miamba, ukapasuka. Alikuwa pale tangu juzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Nilijua mtakuja. Tangu asubuhi namwambia huyu, nyamaza, wageni wanakuja na gunia." Akachungulia nyuma ya mzee, kwenye boti. "Liko wapi, niwasaidie kubeba?"

Mzee akamtazama mwenye boti. Mwenye boti akatazama maji. Hakusema "nilikwambia", na afadhali angesema.

"Mama, hatukulibeba."

"Basi hata kipande cha mkate. Maziwa yamekauka, huyu ananyonya ngozi tu."

"Tumefunga," mzee akasema, na neno lile lilipomtoka alitamani alimeze.

"Hata mimi nimefunga, mzee wangu," mwanamke akajibu. "Ila mimi sikupanga."

Mzee hakujua mikono yake aiweke wapi. Akaunyoosha mmoja amguse mtoto kichwani, ambariki. Mwanamke akamhamishia mtoto bega la pili, taratibu, kama unavyosogeza chakula mbali na mtu ambaye hajanawa.

Waligeuza boti saa ile ile. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Mzee alikaa mkabala na mwanamke, nafasi nyingine haikuwepo, na njia nzima alisikia kile kinywa kidogo kikivuta, kikaacha, kikavuta tena. Walipogusa nchi kavu alikimbia, mtu mzima na koti lake, hadi kwenye mgahawa wa kwanza aliouona, akarudi na uji. Mama akanywa, mtoto akapewa vijiko viwili vitatu, na Mungu ni mwema, akapona.

Ndipo mzee akamfuata mwenye boti na noti mkononi. "Chukua za gunia."

"Mimi hunidai wala sikudai, mzee. Ulinilipa tulivyopatana."

Akabaki amesimama na fedha yake, hana wa kumpa.

Ndugu zangu, mzee yule hakuiba, na hakusema uongo. Alitafuta uso wa anayemdai, hakuuona, akasema hakuna deni. Na sisi je? Kile chumba nyuma ya kanisa, cha kulala watu wanaouguza ndugu zao hospitalini, tulikikalia kikao. Tukasema humo hakuna anayelala. Tukakifunga, tukajaza viti vya plastiki na spika mbovu, tukapongezana kwa kubana matumizi. Juzi asubuhi mlinzi alimkuta mama kajikunyata barazani, mwanawe yuko wodini. Nani alimwelekeza huku? Watu. Walimwambia, nenda pale, wale wana chumba.

Msiinamishe vichwa, sijawaambia tuombe. Wala sitaki amina. Viti vitoke leo, kabla mtu hajaenda kula. Unga, kibaba kwa kila nyumba, ufike hapa Jumatano. Na ufunguo uko kwa mmoja wenu, humu humu ndani. Ulete.