Nukta Haina Miguu

"Nukta haina miguu." Mmelisikia neno hili leo sokoni, mkacheka, na sasa mnataka kujua limetoka wapi. Wala msidhani ni la wahenga wa zamani, wajukuu zangu. Waliolianzisha bado wanakula ugali. Methali hii ilianza hivi.

Kule Kwemvule, kijiji kilichokaa mgongoni mwa milima ya Usambara, kulikuwa na fundi simu aitwaye Hoza Shemhilu. Kitendawili: anapenda kila kipya, na kila kipya kinazeeka mikononi mwake. Msihangaike kunipa mji, ndiye huyo huyo Hoza. Kifaa kikitoka leo, kesho anakisaka. Alikuwa na blogu, ule ukurasa wa mtandaoni ambamo mtu huandika mawazo yake na wageni wakasoma. Humo alieleza habari za redio zinazokula jua, spika ndogo kama ndimu, simu zinazokunjwa kama barua. Walimsoma mpaka Tanga mjini, wakamwuliza, "Fundi, hiki ninunue?" Ila alikuwa na kasoro moja. Alikisifu kifaa siku ileile aliyofungua boksi, asije mwingine akamtangulia.

Hoza aliishi na mama yake, Bi Mwanahawa, ambaye alikuwa ameanza kusahau. Asubuhi alimjua mwanawe. Mchana alimwita kwa jina la kaka yake yeye mwenyewe, aliyekufa zamani. Miguu yake lakini haikusahau kitu. Ukigeuka tu, ameshatoka. Ndiyo maana alikuwepo Tunu, mpwa wa Hoza, msichana aliyefuatana na bibi yake popote alipokwenda.

Siku moja basi likaleta saa ya mkononi ya aina mpya. Anayeivaa huonekana kwenye simu ya mwenzake kama nukta nyekundu juu ya ramani. Hoza akamvalisha mama yake, akamtembeza toka nyumbani mpaka dukani na kurudi. Nukta ikaenda, nukta ikarudi. Jioni ileile akaandika: "Ndugu wasomaji, hofu imekwisha. Mzazi wako akizunguka, wewe kaa umtazame kiganjani." Kesho yake akampandisha Tunu basi arudi kwao Korogwe.

Jirani yao Mama Kijazi, mwanamke wa rika la Bi Mwanahawa anayeuza mapeasi, akauliza, "Sasa mama atafuatana na nani?"

"Na mimi, Mama Kijazi. Ninaye hapa." Akampungia simu.

"Haya. Basi mwambie nukta yako imshike mkono kwenye utelezi."

Hoza alicheka mpaka akakohoa.

Siku ya tisa tangu Tunu aondoke, ukungu ulishuka mapema. Saa nane mchana, akiwa dukani, Hoza alitazama simu yake: nukta iko barabarani, karibu na zahanati. Saa tisa akatazama tena: palepale. Amekaa kupumzika, alijisemea, akaendelea na kazi. Saa tisa na nusu, palepale. Mama yake hajakaa mahali pamoja saa nzima na nusu tangu amfahamu.

Aliacha duka wazi, akakimbia. Ukungu ulikuwa mzito hata miguu yake hakuiona. Akaifuata simu. Kwenye ramani, nukta yake ya buluu iliisogelea ile nyekundu, ikaigusa, ikaifunika. Akasimama. Simu inasema amesimama pale pale alipo mama yake, na mama hayupo.

Mbele ya vidole vyake kulikuwa na shimo. Lilikuwa shimo la choo kipya cha zahanati, refu, lililofunikwa mabati mawili. Bati moja lilikuwa limesogea.

"Mama!"

Shimo likamrudishia sauti yake mwenyewe. Hoza akateremka kwa ngazi ya mafundi, akatumbukia kwenye maji ya mvua yaliyomfika kifuani. Akapapasa tope kwa mikono miwili. Akashika kitu laini, kizito, kilicholowa. Akakivuta: mfuko wa saruji.

Mama Kijazi, aliyekuwa akipita na beseni lake, ndiye aliyezisikia zile kelele.

"Toka humo, Hoza! Unamtafuta nani?"

"Mama! Yumo! Nukta inasema yumo!"

"Nipe hiyo simu nione." Akaipangusa kwa kanga. "Haya maandishi madogo hapa chini yanasemaje?"

Hoza akapanda, akainama kusoma. Maandishi yale yalikuwepo tangu siku ya kwanza, naye hakuwahi kuyasoma. "Ilionekana mara ya mwisho: saa saba na dakika kumi." Akaelewa, na kuelewa kukamtia hofu kuliko lile shimo. Ukishapita zahanati, mlima unaziba mtandao. Saa ilinyamaza tangu saa saba, na simu ikabaki inaonyesha pale iliposikia mwisho. Yeye aliijaribu baina ya nyumbani na dukani, ambako mnara unaonekana dirishani.

"Nyumbani kumepungua nini?" Mama Kijazi aliuliza.

"Sijui! Tutatazamaje vyombo wakati mtu amepotea?"

"Mwanamke hatoki mikono mitupu, mwanangu. Twende."

Wakaingia jikoni. Jembe lipo, basi hakwenda shamba. Ndoo ipo, hakwenda kisimani. Kanga nzuri ipo kambani, hakwenda msibani. Mama Kijazi akasukuma mlango, akatazama nyuma yake. Msumari ulikuwa mtupu. Kamba haipo, na ngata ya kubebea mzigo kichwani haipo.

"Amekwenda kuni," alisema, na sauti ikampungua.

"Kuni gani? Tunapikia gesi mwaka wa nne huu!"

"Wewe unapikia gesi. Yeye amekwenda kule tulikokuwa tukienda usichanani. Juu ya mwamba."

Juu ya mwamba ardhi hukatika ghafla, na chini yake ni korongo. Mbuzi akianguka kule, mwenyewe haendi kumtafuta.

Walipanda wameshikana mikono. Hoza akawasha tochi ya simu. Ukungu ukawa ukuta mweupe. "Zima hiyo," Mama Kijazi alimwambia. "Ita, kisha nyamaza usikilize."

"Mama! Mama ee!"

Jiwe liliporomoka mahali fulani, likachukua muda mrefu kufika chini.

"Hakujui saa hizi," Mama Kijazi alimnong'oneza. "Hana mtoto saa hizi. Ni msichana, amekuja kuni." Akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti nyepesi, kama wasichana wanavyoitana msituni. "Mwanahawa ee! Umefunga mzigo?"

Ukungu ukajibu, karibu mno, "Nimefunga! Njoo unitwike!"

Alikuwa ameketi ukingoni, mzigo ubavuni, miguu inaning'inia.

"Usisimame, shoga! Nakuja kukutwika. Wewe kuni zako zimekauka? Zangu mbichi tupu!" Mama Kijazi aliongea bila kupumua, na Hoza akatambaa kwa tumbo mpaka akaukamata mkono wenye saa. Akauvuta. Hakuuachia hata walipofika mbali na ukingo.

"Wewe kijana wa nani?" mama alimwuliza.

"Wa hapa hapa, mama. Nimekuja kukubeba."

Wakateremka. Hoza alimbeba mama mgongoni, Mama Kijazi akajitwika zile kuni, maana Bi Mwanahawa alikataa kuziacha. Njia nzima Hoza alirudia maneno yaleyale. "Nilisimama juu ya ile nukta, Mama Kijazi. Juu yake kabisa."

"Nukta haina miguu, mwanangu. Mwenye miguu ni mama yako."

Kabla hajavua nguo zenye tope, Hoza alimpigia Tunu simu arudi. Kisha akafungua blogu. Zile sifa hakuzifuta. Aliandika chini yake yote, shimo, maandishi madogo na ukingo, akamalizia kwa neno la Mama Kijazi. Mwanamke mmoja wa Muheza, ambaye Hoza hajamwona mpaka leo, akamjibu: "Fundi, kwa kukusoma siku ile, leo nimemwachisha kazi binti anayemwangalia baba yangu. Nimemkimbilia stendi, nimemkuta yuko kitini, basi linanguruma."

Tangu hapo neno likasambaa. Mtu akikuambia mgonjwa hajambo kwa kuwa kaiona picha yake, au mtoto yuko shuleni kwa kuwa jina limo daftarini, mwambie ainuke aende akaone kwa macho yake. Nukta haina miguu.