Mstari Uliokosa Ukurasa

Nipeni masikio, nitayarudisha mazima. Vichwa siahidi, maana changu bado kinazunguka.

Palikuwa na wanawake watatu mtaa mmoja. Mwatime aliyachezesha maneno, lakini kuku aliyemchora ungemtia majani ya chai ukidhani ni birika. Riziki alichora mvua ukatafuta pa kujikinga, lakini hata salamu yake ilisomeka kama waraka wa wizara. Saumu, mwalimu wa chekechea, hakutunga wala kuchora. Ila alipowasomea watoto, hata bei ya sukari ilisikilizwa kwa makini.

Jirani yao Mwanakheri alikuwa na binti wa miaka mitano, Tunu, ambaye hakutamka neno tangu bibi yake afariki. Miezi minane. Mwanakheri, naye mjamzito, akaahidi: "Atakayemsemesha mwanangu, huyu wa tumboni akiwa wa kike atapewa jina lake."

Mwatime akatunga kitabu cha mvua. Kila ukurasa uliishia hivi:

*Ti ti ti, bati linaita,*
*to to to, ndoo yaitika.*
*Nani huyo anayepita?*
*Mimi mvua, nimefika.*

Wiki nzima aliyatamka maneno hayo jikoni, akifuta kila neno lililojikwaa, mpaka mumewe akawa anasonga ugali kwa mahadhi hayo.

Riziki akachora. Ukurasa wa mwisho akaweka mlango ulio wazi nusu, akautanua, akautanua, mpaka mstari wa mwisho ukakosa pa kukaa. Hakumwambia mtu.

Saumu akawasomea watoto wa chekechea, Tunu akiwa kwenye mkeka wa mbele. Ubeti ukarudi mara ya tano, ya sita. Ukurasa wa mwisho akauliza, "Nani huyo anayepita?" Akatafuta jibu, halipo. Alilijua kwa moyo. Lakini alifunga mdomo, akawanyamazisha wengine kwa kidole, akamtazama Tunu, akangoja.

"Mimi Tunu," ikasema sauti iliyoshika kutu, "nimefika."

Mtoto akazaliwa, wa kike. Siku ya saba, siku ya kumpa jina, wote watatu wakawahi mapema, wamevaa wakapendeza.

"Mahadhi ndiyo yaliyomvuta," alisema Mwatime. "Sikio lilishazoea kushibishwa."

"Mahadhi yako angeyamalizia Saumu mwenyewe, dada," alisema Riziki. "Mlango wangu ndio uliomwachia mtoto nafasi."

"Mlango uliokula mstari wangu?"

"Nafasi angeijaza mtu yeyote," alisema Saumu. "Mimi nilinyamaza."

"Siku hizi watu wanatuzwa kwa kunyamaza, shoga?" alidakia Mwatime.

"Jaribu basi, tuone."

Mwanakheri akamvuta bintiye. "Tunu, mama, nani aliyekusemesha?"

Tunu akawatazama mmoja mmoja, akafikiri.

"Mvua," akajibu.

Shehe keshamaliza kahawa ya tatu. Mtoto kalala kwenye kanga, hana jina, na mama yake kanigeukia mimi. Nami nimewageukia nyinyi. Haya, semeni: tumwite nani?