Kadhi Aliyeshuka Busatini

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa mitende alikuwako kadhi mcha Mungu akiitwa Ubaidi bin Nasri. Ada ya mji ule ilikuwa ngumu: kadhi akishuka kwenye busati la hukumu, zulia analoketi akiamua, kabla shauri halijakwisha, basi amejiuzulu, wala harudi tena.

Siku moja akaja mjane, Bibi Rumaitha, kumshitaki jirani yake Jabala. Akasema, "Ewe Kadhi, huyu amelihamisha jiwe la mpaka. Mitende yangu minne inayowalisha mayatima wangu, leo anasema ni yake." Jabala akakana katakata. Mjane hakuwa na shahidi, na sheria, kama mjuavyo, humtaka mdai alete ushahidi. Akikosa, mdaiwa huapa akaenda zake. Na Jabala, astaghfirullah, alikwisha kufungua kinywa aape!

Kadhi akainama, akautazama mguu wake. Watu wakatazamana: leo mzee huyu ana nini? Kumbe moyo wake ulikuwa unawaka. Siku tano nyuma, akirejea kumzuru mgonjwa baada ya alasiri, alichomwa na mwiba, akaketi juu ya jiwe lile lile kuutoa. Alijua lilikuwa wapi! Neno lake moja lingetosha. Lakini akajiuliza: je, nihukumu kwa nilichokiona peke yangu? Nani atanihoji? Na nikinyamaza, nitamjibu nini Mola wangu?

Akasema, "Jabala, ngoja, usiape." Akainuka, akavua joho, akashuka busatini. Baraza zima likapigwa na butwaa. Akamwomba naibu wake, Sheikh Dhakwani, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, aketi mahali pake, naye akasimama kando ya mjane kama shahidi yeyote yule.

Wallahi, Dhakwani hakumwonea haya mwalimu wake. "Jiwe lilikuwa kwenye mtende wa ngapi kutoka upande wa mjane?"

Angesema "wa nne," yangekwisha pale pale. Lakini akajibu, "Sikuhesabu."

Jabala akacheka waziwazi. Maskini mjane akajishika kichwa.

"Basi unajua nini?"

"Nilikaa juu ya jiwe, nimeegemea mtende, nikauosha mguu wangu mferejini pasipo kuinuka."

Dhakwani akawachukua watu mpaka shambani. Wakapita mtende kwa mtende, wakakuta mmoja tu ulio karibu na mfereji kiasi hicho, nao ni ule wa nne. Wakachimba shinani, wakaona shimo lililofukiwa juzijuzi. Na kwa kuwa shahidi alikuwa mmoja tu, mjane akaapa kuutimiza ushahidi ule, akarudishiwa mitende yake yote.

Ubaidi akashika njia ya kwake, hana cheo tena. Bibi Rumaitha akamfuata mbio, machozi yanamtoka. "Baba yangu, kumbe ulikuwa unajua! Si ungehukumu tu, ukabaki na kiti chako?"

Akamwambia, "Mwanangu, kesho ataketi kadhi mwingine, naye atasema ameona. Na kama hakuona, nani atamuuliza?"

Tazameni, ndugu zangu. Mtu yule alikuwa na haki mkononi, na bado aliona ni wajibu wake kuulizwa. Nasi ambao mara nyingi hatuna hata hiyo haki, mbona tukiulizwa tunakasirika?