Drafti ya Mzee Mligo na Kibandiko cha Zawadi

"Laki moja na elfu kumi na nane! Binti, hiyo karatasi umeisoma vizuri au umeishika kichwa chini miguu juu?"

"Nimeisoma vizuri, mzee. Laki moja na elfu kumi na nane."

"Bei imelipwa. Nauli imelipwa. Kule kwenye mtandao waliandika kwa herufi kubwa: malipo yamekamilika, subiri mzigo wako."

"Wao wamelipwa chao, mzee. Hiki ni cha forodha. Tunachukua bei ya kitu, tunajumlisha na nauli ya kukileta, halafu ndipo tunapiga kodi."

"Ngoja. Mnatoza kodi mpaka nauli?"

"Ndiyo."

"Nauli nayo imeingia nchini? Iko wapi? Nionyeshe niishike!"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

Hadithi hii niliipokea kwa mtu, naye aliipokea kwa mwingine. Naipeleka mbele kama ilivyo. Sijaongeza chumvi, maana hadithi inayohitaji kuongezwa chumvi mimi huiacha hukohuko ilikotoka.

Aliyekuwa akigomba ni Mzee Mligo, fundi mizani. Miaka thelathini na moja alitengeneza mizani za soko katika mji mmoja wa baridi, huko juu milimani, kunakolimwa viazi. Kazi hakufundishwa na mtu. Alifungua mizani mbovu akaitazama mpaka ikamwambia ilichougua. Wafanyabiashara walimwogopa. Ukimwomba akulegezee springi kidogo ili kilo isomeke kabla haijafika, alikurudishia mizani yako na tusi juu yake. "Kilo ni kilo," alikuwa akisema. "Haina shemeji."

Aliyekaa upande wa pili wa kaunta ya vifurushi ni afisa mmoja kijana, jina lake Edina. Alikuwa na subira, na ofisi ile ilihitaji subira.

"Mzee, tufungue boksi tuone kilichomo," akasema. "Huenda wamekikadiria vibaya."

Wakafungua. Ndani mlikuwa na ubao mweusi, mkubwa kama sinia ya chai, una miraba, vitufe vitatu na vitaa vidogo vidogo.

"Hiki ni nini?"

"Drafti."

Jamaa mmoja aliyekuwa nyuma yake na helmeti ya pikipiki mkononi akachungulia. "Drafti? Nimeona hapo kwenye risiti, laki mbili na sitini! Mzee wangu, si uokote vizibo vya soda? Nipe kipande cha boksi hilohilo nikuchoree nyingine, bure, na kodi sikutozi!"

Watu wakacheka tena.

"Hii haihitaji mtu wa pili," Mzee Mligo akasema. "Unasogeza kete yako, na yenyewe inawasha taa kukuonyesha inapotaka kwenda."

"Kwani wewe huna wa kucheza naye?"

Jamaa aliuliza kwa utani tu. Mzee Mligo akageukia boksi lake.

Alikuwa naye. Aliitwa Mzee Ngailo, mshona viatu. Kila siku saa kumi alasiri, kwa miaka kumi na tisa, walikaa kibarazani, mmoja na vizibo vya soda, mwingine na vizibo vya bia, wakatukanana mpaka giza likawazuia kuona kete. Ngailo akila kete tatu kwa mkupuo alikuwa anasimama anazunguka kiti chake anapiga mluzi. Mwezi wa tano Ngailo alizikwa.

Baada ya matanga Mzee Mligo aliweka ubao uleule, akajaribu kucheza pande zote mbili. Haikuwezekana. Fundi mizani hajui kujiibia. Kila mchezo uliisha sare.

Mkewe alikuwa ametangulia. Mwanawe mmoja tu, Festo, alikuwa ng'ambo kikazi, na simu yake ya mwisho ilikuwa miaka sita iliyopita. Ndipo jirani mmoja akamwonyesha jinsi ya kununua vitu vya mbali kwa simu, naye akaagiza ubao unaocheza wenyewe.

Sasa alisimama kaunta, mkono umeshika ukingo wa boksi.

Edina aligeuza kifuniko cha boksi ili akifunge tena. Akasimama. "Mzee! Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini?"

"Hapa pembeni pana kibandiko. Wameandika ni zawadi." Uso wake ukakunjuka. "Mtoto wako yuko ng'ambo?"

"Yuko." Hilo lilikuwa kweli.

"Kumbe ndiye aliyelipa kule mtandaoni, akakuletea?"

Mzee Mligo akanyamaza. Na unajua watu walivyo. Ukinyamaza, wanakujibia wenyewe.

"Basi ugomvi umekwisha," Edina akasema, akatoa fomu. "Hapa kwetu zawadi ndogo ya ndugu kwa ndugu haitozwi. Jaza jina la mtumaji. Hapa uhusiano wenu. Hapa sahihi yako. Chukua mzigo wako, nenda nyumbani."

Ofisi ikabadilika papo hapo. Mtu akamsogezea kiti. Mwingine akasema, "Hongera, mzee, umezaa!" Jamaa wa helmeti akavua hata tabasamu lake la mzaha. "Nisamehe, mzee wangu. Sikujua ni mkono wa mwana. Hiyo siyo ya kuwekea vizibo. Anaitwa nani kijana?"

"Festo," Mzee Mligo akasema.

Ilikuwa siku nyingi hajalitamka jina hilo mbele za watu. Lilitoka limekwaruza kama bawaba ya mlango usiofunguliwa.

"Festo kakukumbuka, mzee."

"Eh."

Akachukua kalamu. Kwenye nafasi ya mtumaji akaandika Festo Mligo. Kwenye uhusiano akaandika mwana. Laki moja na elfu kumi na nane zingebaki mfukoni, na zaidi ya hizo, watu wote hawa wangeondoka wakijua kwamba Mzee Mligo ana mtu. Nani angeumia? Hata mimi, nikisema ukweli, mpaka hapa nilikuwa upande wake.

Ilibaki sahihi tu.

"Heri yako, baba Festo."

Aliyesema ni mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi, jina lake Mama Sekela. Mapajani alipakata furushi lililoshonwa kwa kitambaa cha gunia la unga, linanukia uyoga mkavu.

"Mimi nakuja hapa kila mwaka," akasema. "Wangu wako watatu, wote huko huko. Nawatumia uyoga. Nimewatumia maharage. Mwaka juzi niliwafumia masweta. Nakuja kutuma tu, kupokea sijawahi. Nikawa najiambia, usilie, mwanamke wee, watoto wa siku hizi ndivyo walivyo wote." Akavuta upindo wa kitenge. "Kumbe siyo wote. Kumbe ni wangu tu."

Akajifuta macho, akatazama pembeni.

Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi. Mzee Mligo aliijua vizuri kazi aliyokuwa anaifanya. Kwa miaka thelathini na moja aliwafukuza watu kwa jambo hilohilo moja: kuweka kidole kwenye mizani. Nao siku zote walimwambia, kidole tu, fundi, nani ataumia? Naye siku zote aliwajibu, aliyesimama upande wa pili.

Akaiweka kalamu chini.

"Binti, nipe karatasi nyingine. Hii nimeijaza uongo."

"Uongo gani tena, mzee?"

"Hakuna aliyeniletea. Nimejinunulia mwenyewe. Hicho kibandiko wamekibandika wauzaji, wala hawanijui. Mwanangu ana miaka sita hajanipigia simu." Akageuka kwenye benchi. "Mama, siyo wako tu. Na wangu. Shika hilo, ufute machozi."

Jamaa wa helmeti akaanza kuchunguza mkanda wa helmeti yake.

Najua unachongoja. Unangoja Edina asimame, aseme, mzee, kwa uaminifu wako tumekusamehe kodi, na watu wapige makofi. Hadithi za namna hiyo ziko nyingi, mimi zimenichosha. Mtu akilipa anachodaiwa amefanya la wajibu wake, kwa nini apigiwe makofi?

Edina akaichana ile fomu. Halafu akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "Laki moja na elfu kumi na nane, mzee. Dirisha namba tatu."

"Hapo sawa," Mzee Mligo akajibu.

Mfukoni alikuwa na laki na thelathini, pesa yake yote ya kula mpaka mwisho wa mwezi. Akahesabu, akalipa, akabakiwa na elfu kumi na mbili. Hakuondoka dirishani.

"Stakabadhi yangu."

Akapewa.

Aliporudi kwenye boksi lake, alimkuta Mama Sekela amekwisha kulifunga kamba.

"Kwa nini hapigi?" mama akauliza, bila kumtazama.

"Nilimkatia simu."

"Wewe?"

"Mimi. Mama yake alipofariki, alisema hawezi kuja kuzika, hana nauli. Nikamwambia basi usinipigie tena. Akatii."

"Nawe hukumpigia?"

"Mimi ndiye mzazi."

Mama Sekela akakaza fundo la mwisho. "Tangu asubuhi unamfokea binti wa watu kwamba anatoza kodi juu ya nauli," akasema. "Wewe mwanao alikosa nauli, ukamtoza miaka sita juu yake. Binti angalau kakupa stakabadhi."

Akajitwika furushi lake, akaenda kwenye dirisha la kutuma.

Mzee Mligo alikwenda nyumbani kwa miguu. Saa kumi akauweka ubao kibarazani, upande wake kiti chake, upande wa pili kiti cha Ngailo. Akasogeza kete. Taa ikawaka. Akasogeza nyingine. Taa ikawaka. Haukupita muda ubao ukamla kete tatu kwa mkupuo, ukaingiza kingi, ukamfunga.

Akangoja. Hakuna aliyesimama kuzunguka kiti. Hakuna mluzi. Vitaa viliwaka vyote mara moja, vikazima, ubao ukawa tayari kumfunga tena.

Akauzima.

Akaingia ndani, akatafuta daftari la zamani lenye namba ya Festo. Mwandiko ulikuwa wa marehemu mkewe. Akarudi kibarazani, akavaa miwani, akaandika ujumbe kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kama alivyokuwa akikaza springi:

"Festo. Ni baba yako. Mwaka ule ulikosa nauli, nami nikakutoza juu yake. Kosa hilo ni langu, nimelikubali lote, sikupunguza kitu. Sasa na wewe. Nakudai salamu ya miaka sita. Sitaki hela. Sitaki zawadi. Piga."

Akautuma. Simu ikamwonyesha kwamba ujumbe umefika.

Akaiweka juu ya kiti cha Ngailo, kioo kikiangalia juu, akakaa upande wake akaitazama. Aliyenipa hadithi hii hakujua kama simu ililia. Nilimuuliza mara mbili, akaniambia, wewe ipeleke mbele tu, huenda ikamfikia mhusika.

Funzo: Unachodaiwa kitaje kwa thamani yake kamili, ukilipe, usikibandike jina la zawadi ili kipite bure. Na unachodai kidai kwa mdomo wako, usingoje mtu akisie. Sikwambii uitume hii kwa watu kumi, wala sikutishi kwamba utapatwa na balaa. Nasema hivi tu: simu unayoisomea inapiga pia, na yuko mtu anayekudai salamu. Mlipe.