Mgombea wa Kitanda cha Tisa

Wapendwa, niwape habari ya mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kulaza watu usingizi. Simsemi mlezi wa watoto. Namsema yule ambaye ukienda kupasuliwa anakaa upande wa kichwani pako, anakuchoma sindano, anakwambia, "Hesabu mpaka kumi," nawe hufiki sita. Ukizinduka, daktari aliyekupasua unamkumbuka, hata kuku unampelekea. Lakini yule aliyezilinda pumzi zako moja moja, sura yake huijui. Mkikutana sokoni mnapishana tu.

Miaka ishirini na miwili mama huyu aliifanya kazi hiyo, kwenye vituo vya huko wilayani, mara nyingi akiwa peke yake mwenye ujuzi huo. Mume alikwisha kufariki. Mtoto hawakujaliwa. Ndugu aliyebaki ni kaka mmoja, naye yuko ng'ambo. Ukimwuliza watu wake ni akina nani, angekutajia chama: chama cha wataalamu wa dawa za usingizi, watu mia mbili na kitu, wametapakaa nchi nzima, wakikutana zaidi kwenye simu. Humo kwenye kundi lao la simu alikuwa mtu mkubwa. Anayekwama na dozi anamwita yeye. Anayeogopa mgonjwa mwenye pumu anamwita yeye. "Dada upo?" Na dada yupo.

Sasa mwaka mmoja alikuwa anarudi kutoka likizo. Akashuka kubadilisha gari katika mji ambao hana mwenyeji, na pale kando ya barabara pikipiki ikamkumba. Mfupa wa paja ukavunjika. Wasamaria wakampeleka hospitali ya pale pale, akalazwa wodi ya wanawake, kitanda cha tisa. Wakamfunga mguu kwa kamba, na kwenye kamba wakaning'iniza vyuma vizito vya kuuvuta mfupa unyooke. Wiki nane awe hivyo. Kugeuka hawezi, kukaa hawezi. Ni kulala chali na kutazama dari.

Mkuu wa kituo chake alipopigiwa alisema pole, akamwandikia ruhusa ya ugonjwa, basi.

Siku ya tatu maumivu yalipopungua alichukua simu aandike kwenye kundi. Akaandika, "Ndugu zangu, nimepata ajali, nimelazwa." Kidole kikiwa tayari kutuma, ukaingia ujumbe wa kijana mmoja wa chama, yuko chumba cha upasuaji huko mbali: "Dada upo? Mama mjamzito, nimemchoma sindano ya ganzi ya mgongo, presha inashuka, anasema haoni vizuri. Nifanyeje?"

Ninyi mngefanyaje? Yeye alifuta yale yake, akaandika haraka: "Mwinamishe upande wa kushoto. Fungulia maji ya dripu yaende kasi. Mpe dawa ya kupandisha presha kidogo kidogo, huku ukipima. Na usimwache, zungumza naye, mwambie uko hapo."

Baada ya robo saa: "Mama mzima, mtoto mzima. Mungu akubariki dada." Kundi zima likapiga makofi, vile vikono vya manjano tunavyovijua. Na yeye pale kitandani akafurahi kweli, machozi yakamlenga. Kisha vikono vikakoma, wodi ikarudi kuwa wodi. Akaona aibu kuanza tena habari za mguu wake. Akasema moyoni, wataniuliza wenyewe.

Wapendwa, hawakumwuliza.

Si kwamba hawakumsalimia. Kila asubuhi walimsalimia. "Habari dada?" Naye anajibu, "Njema." Ninyi mnajua salamu zetu. Tunauliza habari huku mguu uko mlangoni, na mwenzetu anajibu njema kwa sababu anauona huo mguu.

Kitanda cha nane alilazwa msichana aliyevunjika nyonga, anauguzwa na mama mkwe wake, bibi mmoja mwenye sauti nzito. Saa ya kutazama wagonjwa ikifika, wodi inajaa vikapu na chupa za chai, watu wanakaa mpaka kwenye kingo za vitanda. Kitanda cha tisa kina kiti kitupu kando yake. Siku za mwanzo wageni wa vitanda vingine walikuwa wanaomba, "Samahani, hiki kiti kina mtu?" Baadaye waliacha kuomba, wakawa wanakichukua tu.

Yule bibi akaanza kumgawia uji. Siku moja akamwuliza, "Mwanangu, watu wako wako wapi?"

"Wapo, mama. Wako kwenye simu."

Bibi akaitazama ile simu, akamtazama na yeye. Akamwongezea uji.

Wiki ya nne ikaja habari njema. Chama kinafanya uchaguzi, na wanachama wengi wamelipendekeza jina lake awe mwenyekiti. Katibu wa chama akampigia mwenyewe, mtu mchangamfu, mwenye haraka.

"Dada, hongera sana! Nahitaji wasifu wako na picha. Picha iwe rasmi, nyuma pawe peupe."

"Nitatuma, katibu. Ila mkutanoni sitaweza kufika, kwa sababu..."

"Usijali kabisa! Katiba inataka mgombea atambulishwe na mtu anayemfahamu. Nitakutambulisha mimi mwenyewe. Nani asiyekujua wewe?" Na simu ikakatika.

Akachana nywele vizuri, akaomba kanga ya bibi ajifunge mabegani. Shuka ya hospitali ikavutwa juu mpaka kwenye chuma cha kitanda, ndiyo ikawa ule weupe wa nyuma. Bibi akapiga picha. Ilipofika kwenye kundi watu wakaandika, "Umependeza dada," "Umenenepa," "Mwenyekiti huyo!" Kipande cha chuma kilionekana juu ya bega la kulia. Na hawa, wapendwa, ni watu wanaoshinda hospitali mwaka mzima! Kitanda wanakijua. Walichoangalia ni mgombea.

Siku ya mkutano, asubuhi, mtu akarekodi ule utambulisho akauweka kwenye kundi. Mama akaweka simu sikioni ajisikilize anavyotambulishwa. Sauti ya katibu ikajaa ukumbi:

"Ndugu wajumbe, huyu wa tatu hahitaji kutambulishwa! Mnamfahamu, ninamfahamu. Ni mtu asiyechoka. Sijawahi kusikia anaumwa! Saa yoyote ukimtafuta yupo. Leo hayupo nasi ukumbini kwa sababu, kama kawaida yake, yuko kazini, yuko hospitali!"

Vicheko, makofi, vigelegele. Mama akairudia ile rekodi mara ya pili. Akasikiliza sehemu ile tu ya "ninamfahamu." Halafu akaizima akageuzia uso ukutani, maana uso ndio pekee alioweza kuugeuza.

Kura zilipohesabiwa alipata mia moja arobaini na moja. Wenzake wawili waligawana zilizobaki. Mchana kutwa simu ikatetema kwa hongera. Ilikuwa Jumamosi, siku ya wageni wengi. Kiti chake kilikuwa kimechukuliwa na watu wa kitanda cha nane.

Katiba ya chama hicho ilitaka aliyechaguliwa atie sahihi ya kukubali ndani ya siku kumi na nne. Katibu akataka ampelekee fomu kwa kumshtukiza, akatafuta nyumbani kwake ni wapi, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kati ya wale mia moja arobaini na mmoja hakuna aliyejua anakokaa. Mwishowe akapiga kituoni kwake, mfanyakazi mmoja akamjibu kwa mkato, "Yupo hospitali fulani." Katibu akadhani amehamishiwa huko. Akapanda gari, na fomu yake na skafu ya uenyekiti ndani ya bahasha, akaenda moja kwa moja chumba cha upasuaji.

"Namtafuta mtaalamu wenu wa usingizi." Akalitaja jina.

Wakatazamana. "Hatuna mfanyakazi wa jina hilo."

Muuguzi mmoja aliyekuwa anapita akasimama. "Jina hilo nalijua mimi. Nifuate." Akampeleka wodi ya wanawake, akamwonyesha kwa mkono, akaenda zake.

Katibu akafika kitanda cha tisa. Akaviona vile vyuma vinaning'inia, akauona mguu, akauona uso aliouzoea kwenye picha ya kampeni.

"Dada," akasema. "Tangu lini?"

"Wiki ya saba leo."

"Sasa mbona hukutuambia?"

Mama akamtazama bila hasira. "Katibu, mliniuliza dozi, nikawajibu. Mliniuliza wasifu, nikawapa. Mkataka picha, nikatuma. Hali yangu mliiuliza kila asubuhi, lakini hamkusubiri nijibu."

Katibu akanyoosha ile fomu, maana mkono ulihitaji kufanya kitu. Mama akaisoma yote, polepole, kisha akairudisha bila sahihi.

"Kura mia moja arobaini na moja," akasema, "na wewe ndiye mgeni wangu wa kwanza. Kaa basi."

Akakaa. Mtu aliyesema mbele ya ukumbi mzima kwamba anamfahamu, sasa yuko naye uso kwa uso, na hajui hata amwulize habari za nani nyumbani.

Alipotoka pale aliandika kwenye kundi: mwenyekiti wetu mteule amelazwa, yuko wodi fulani, saa za kumtazama ni hizi. Kabla hajafika stendi zilikwisha kuingia pole themanini na tatu. Wengine wakaweka na mikono ya maombi. Jumamosi iliyofuata akarudi na ndizi na maziwa, akiwa na wasiwasi kwamba labda atakosa pa kukaa.

Alikuta kiti kitupu.

Mama alipona, kwa magongo kwanza, kisha kwa miguu yake. Uenyekiti aliukataa. Katibu alipombembeleza alimjibu, "Acha kwanza nipate mtu mmoja wa kunijua. Hao wengine watapata mwenyekiti." Akahamia kule kule alikolazwa, akapanga chumba karibu na yule bibi.

Basi wapendwa, msitoke hapa mkiwasema madaktari. Mfano huu hatujapewa kwa ajili yao. Sisi hapa usharikani, tunajuana? Au tunajua nani anaimba sauti ya pili, nani anatoa vizuri, nani ukimwomba gari hakatai? Mtu tunamjua kwa anachotupa. Siku akiacha kutupa, hata kuuliza hatuulizi, tunatafuta mwingine wa kutupa.

Nina karatasi hapa mfukoni. Ni majina ya wagombea wa uzee wa kanisa, niwatambulishe leo mbele yenu. La nne ni Mama Tulinagwe, mpangaji wetu wa maua. Jana niliketi kuandika maneno ya kumtambulisha. Nikaandika mwaminifu, nikaandika mchapakazi, nikaandika tunamfahamu sote. Hapo kalamu ikasimama. Maana nilikumbuka kwamba hii ni Jumapili ya tano simwoni, na maua haya yamepangwa na mtu mwingine. Leo asubuhi nimewauliza watu watatu pale mlangoni. Wa kwanza akasema nadhani amesafiri. Wa pili akasema jina lake ameliona kwenye orodha, kwa hiyo atakuwa yupo. Wa tatu akaniuliza, "Mchungaji, kwani wewe hujui?"

Sijui. Mimi niliyewabatiza wajukuu zake, sijui.

Kwa hiyo simtambulishi. Karatasi hii naiweka chini, na wimbo unaofuata hatutauimba sasa. Kati yetu sote tuliomo humu, kuna mtu mmoja anayeijua njia ya kwenda kwa Mama Tulinagwe? Kama yupo, asimame, atangulie mlangoni. Sisi wengine tutamfuata.