Moto wa Mgeni

Bibi mmoja wa kule milimani, kwenye baridi ya kukata masikio, alikuwa na mjukuu njiti. Njiti mnawajua: mtoto amezaliwa kabla ya siku zake, mwili wote unaenea kiganjani. Mama yake alikuwa hoi kitandani, na barabara ya kwenda hospitali imekatwa na maporomoko. Mkunga alimwachia bibi neno moja tu: huyu asikose joto. Sasa joto litoke wapi? Mvua ilikuwa haijakatika wiki nzima. Kuni zimelowa, kiberiti kimelowa, na mafiga yalikuwa yanatoa moshi mtupu.

Jioni hiyo akabisha mgeni. Mwanamke, hana mzigo, hana viatu, na kanga aliyojitanda ilikuwa inafuka mvuke kama sufuria iliyo jikoni. Alikuwa ameshabisha nyumba zote za juu. Zote, ndugu zangu, hata ile yenye msalaba mlangoni.

"Mama, naomba nijisitiri mvua," akasema.

Bibi hakumpenda, nisiwadanganye. Alimwingiza kwa sababu mlango ukiwa wazi upepo unampiga mtoto. Mgeni akachuchumaa mbele ya mafiga, akaweka viganja vyake juu ya kuni mbichi, zikashika. Kisha akamwomba mtoto, akamlaza kifuani. Midomo iliyokuwa imegeuka bluu ikarudi kuwa myekundu, na mtoto akalia kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Bibi naye akakaa chini akalia.

Asubuhi jirani akaja na kigae chake kuomba moto, kama ilivyo desturi ya kule. Mgeni akachagua kaa jekundu, akaliokota kwa vidole, akamwekea. Jirani akashukuru, akatoka. Alipofika nje ndipo akili ikamrudia. Binadamu gani haungui?

Tangu siku hiyo ikawa hivi. Mchana wanakuja na vigae, "Dada mgeni, tusaidie na sisi." Jioni wanauzunguka moto ule ule na kumsema. Mchawi huyo. Jini huyo. Kwao wapi, mbona hasemi? Ugali ulioiva kwa moto wake bado uko mdomoni, na mdomo huo huo unamsengenya.

Mwishowe balozi wa nyumba kumi akaitisha kikao uani kwa bibi. Wakakubaliana aondoke siku hiyo hiyo. Mtu mmoja akauliza, "Na moto je?" Mnajua walifanya nini? Walipanga foleni. Kila mtu na kigae chake, na mgeni akawagawia, hakumnyima hata aliyemwita jini. Wa mwisho alipokwisha kupata, balozi akamgeukia bibi.

"Mama, wewe ndiye unayelala naye nyumba moja. Huyu ni mtu wa namna gani?"

Bibi alikuwa na jibu. Jibu lilikuwa linapumua kifuani pake, limefungwa kwa kanga. Lakini akawaza: nikimtetea huyu, kesho nani atanichotea maji? Nani atakuja nikipiga yowe? Akanyoosha mikono kwenye makaa, akaota.

"Mimi simjui," akasema. "Alikuja tu kujikinga mvua."

Mgeni akasimama. Akajitanda kanga yake, na manyunyu yalikuwa yameanza tena. "Mama," akamwambia bibi, "mfunike mtoto kichwa. Joto lake linapotelea huko." Akashika njia.

Sasa nawaona mnavyonikodolea macho. Mnangoja niwaambie kwamba moto ulizimika nyumba zote, watu wakajuta, wakamkimbilia. Haukuzimika. Unawaka mpaka leo, na ndio wanaochemshia chai baada ya ibada.

Mama hapa mbele ananiuliza, "Na yule mtoto?" Yupo, mama. Amekua, ana mashavu. Nimesikia mabenchi yote yakishusha pumzi.

Basi na mimi niwaulize. Jioni ile alipofukuzwa, mvua ile, mgeni alilala wapi?

Moto mmeuwazia, mtoto mmemuulizia. Aliyetoka mvuani na kurudishwa mvuani hamkumuulizia. Na bibi hakutoka nje kuangalia.

Ndivyo tulivyo sisi. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli tunapona. Tukishapona tunaukagua mkono uliotuponya, tunauliza mbona hauungui. Huo si woga, wapendwa. Mwoga angeukimbia na moto wenyewe. Sisi moto tunautaka, mwenye moto ndiye hatumtaki.

Yuko mkunga aliyehamia kwetu, ambaye kwao hatukujui. Nusu ya watoto waliomo humu wamepokelewa na mikono yake. Leo kanisa limejaa mpaka watu wamesimama ukutani, na kwenye benchi lake, pembeni yake, kuna nafasi ya watu watatu.

Msigeuke. Kumtazama tumeshamtazama sana. Tusimame tuombe, na tukikaa tena, nitaangalia nani amekaa wapi.